Gari Lililozibwa Kama Mtumbwi

Habari hii nilipewa na Levina, mdogo wake Brigita wa Mlabani, Ifakara, mwaka jana mwezi wa tisa, tulipokuwa tumekaa tukichambua mchele wa sherehe ya jumuiya. Levina alikuwa ndani ya gari lenyewe, kwa hiyo mengi aliyaona kwa macho yake. Yale ambayo hakuyaona aliambiwa na dada yake, na Brigita si mtu wa kuongeza chumvi. Hana haja nayo. Aliolewa na Damiani, na kwa Damiani mambo huja yakiwa yameshatiwa chumvi.

Siku gari linaingia, Brigita alikuwa anaanika mpunga uani. Akaona ng'ombe wanne wa jirani yao Msukuma wanapita kwenye uwazi wa ua, wanaburuta kitu kwa minyororo, na mbele yao anatembea mume wake, kifua mbele, kama anayeongoza maandamano ya Ekaristi. Kilichoburutwa kilikuwa Landrova. Ilikuwa Landrova zamani, tuseme hivyo. Taa hazipo, kioo cha mbele hakipo, sakafuni unaiona ardhi, na kwenye kiti cha dereva kuku wa watu alikuwa ameatamia mayai. Ng'ombe wakalivuta mpaka katikati ya mpunga, wakasimama, na mmoja wao akanya.

Brigita akaegemea reki yake akauliza, "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Hili ni gari letu."

"Basi marehemu ni huyo."

Jina likashika. Asubuhi Brigita alikuwa anamwuliza mume wake kama Marehemu kaamka salama, na mvua ikianza kunyesha anamkumbusha kwamba Marehemu hajafunikwa. Majirani nao wakaiga. Hata watoto waliotumwa kuomba moto walianza kwanza kwa kumpa pole mama wa nyumba.

Huyu Damiani alikuwa mpiga pondo, akisukuma mtumbwi kwa mti mrefu, pale mtoni Kivukoni. Kabla ya daraja, wasiotaka kungoja pantoni walivuka kwa mtumbwi wake, na alivusha kila kitu: wagonjwa, mbuzi, maharusi, na padri mmoja aliyeogopa maji kuliko dhambi. Daraja lilipofunguliwa watu wakapita juu, wala hawakugeuza shingo kutazama chini kama Damiani bado yupo. Jambo hilo lilimkaa kooni. Hakutaka gari kwa ajili ya kubeba mpunga au kumpeleka mtu hospitali. Alitaka siku moja alipite lile daraja na gari lake mwenyewe, polepole, katikati ya barabara, walio nyuma wangoje. Kwa ajili ya hilo alimpa Fridolin, aliyelirithi gari kwa baba yake, mitumbwi yake yote miwili. Brigita alisema Fridolin kapata vitu viwili vinavyoelea, na wao wamepata kimoja kilichokwisha kuzama.

Yote hayo angeyavumilia. Lililomkaa rohoni lilikuwa jingine. Binti yao Yosefina ni sista, yuko utawani upande wa Mahenge, na mwezi wa nane wa mwaka uliofuata alikuwa aweke nadhiri za daima. Siku hiyo wazazi humshika binti yao mikono, mama upande huu na baba upande huu, wakamtembeza kutoka mlangoni mwa kanisa mpaka mbele ya altare, wakamkabidhi kwa mama mkuu. Siku ya nadhiri za kwanza Brigita hakuwepo; mama yake mzazi alikuwa kufani, na yeye ndiye aliyekuwa anamwuguza. Mahali pake akatembea Rosa, dada yake Damiani, anayeishi hukohuko Mahenge. Tangu hapo Rosa hajanyamaza. Harusini, msibani, hata kwenye foleni ya bomba, atakueleza alivyomkabidhi mtoto kwa Mungu, na jinsi mkono wa mtoto ulivyokuwa unatetemeka ndani ya mkono wake. Brigita alikuwa akimsikiliza mpaka mwisho, anasema, "Ahsante, wifi," kisha anakwenda kuimalizia hasira yake kwenye kinu.

Nadhiri za daima hazina marudio. Brigita alitaka kitu kimoja tu duniani: kufika kule kabla Rosa hajavaa kitenge chake.

Damiani akatangaza kwamba watakwenda na Landrova. Alitangaza jumuiyani, baada ya sala, mbele ya watu wote, kabla hajamwambia mke wake.

Kazi ilianza. Injini alipewa Viktor, fundi wa palepale Mlabani, kijana mwenye mdomo usiopoa lakini mikono anayo. Alikuja na spana zake, akaifungua, akatandaza vyuma juu ya turubai la mpunga, akaomba chai, akaomba tena chai, na baada ya majuma kadhaa kitu kikawaka. Kilikohoa, kikatoa moshi mweusi ulioingia moja kwa moja jikoni, lakini kiliwaka. Viktor akarekebisha na breki, akafunga kioo kilichotoka kwenye gari jingine. Halafu akalala chini ya gari, akatoka anajipangusa, akasema kazi kubwa bado. Ile bodi ya juu ni bati lisiloota kutu, lakini mifupa ya chini ni chuma. Alitaka bodi inyanyuliwe, sehemu zilizoliwa na kutu zikatwe, kichomelewe chuma kipya.

Damiani akamtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyemwambia babu yake jinsi ya kula. Akamwambia moyo na mapafu ameshatengeneza, mwili amwachie yeye. Yeye alikuwa anaziba vyombo Viktor hajazaliwa.

Na kweli akaanza kuziba. Alikwangua kutu kwa jembe lililoisha makali, akapiga brashi ya waya, akajitia vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Kila tundu aliloliona aliliziba kama anavyozibwa mtumbwi: kitambaa kilichochovywa kwenye lami ya moto, juu yake kipande cha bati, pembeni misumari. Lami aliichemshia kwenye sufuria ya Brigita ya kupikia makande, na kuku walihamia kwa jirani kwa sababu ya harufu.

Sasa, chini ya gari la namna hiyo kuna mihimili miwili mirefu ya chuma, iko wazi kwa ndani kama mianzi, nayo ndiyo inayobeba kila kitu. Mafundi wanaiita chesisi. Upande wa chini ina vitundu, na milango nayo ina vitundu vyake, ili maji yakiingia yapate pa kutokea. Damiani alivigundua akiwa amelala chali. Alicheka mpaka akatoka nje kwenda kuwaonyesha watu. Alisema hao waliosifiwa dunia nzima kwa kutengeneza magari walikitoa chombo kiwandani kikiwa kinavuja, na hakuna aliyewahi kuwaambia mpaka alipopatikana Mndamba wa Kivukoni. Akaviziba vyote, kimoja kimoja, na lami mara mbili.

Kisha akafanya lile ambalo Levina hawezi kulisimulia bila kuweka ungo chini. Mtumbwi ukishazibwa lazima ujaribiwe, na fundi asiye na mto karibu huujaza maji kwa ndani akatazama kama yanapenya. Damiani akachota maji bombani, ndoo baada ya ndoo, akayamimina ndani ya gari. Ikajaa sakafu, maji yakafika kwenye pedali. Watu wakakusanyika kwenye ua. Yeye akalala chini kwa tumbo, akalizunguka gari lote akitafuta tone. Hakuna tone.

"Halivuji," akasema, na kusimama.

Brigita alikuwa mlangoni, kidevu mkononi. "Ifakara yote ina magari," akasema, "na hakuna mtu aliyewahi kuniambia lake haliingizi samaki."

Damiani akayachota maji kwa kopo, akayamwaga, akafuta kwa kitambaa. Yaliyokuwa yamepenya kutoka juu kuingia kwenye mihimili hakuyaona, na yasiyoonekana kwa Damiani hayapo. Masika ikaja ikaongeza mengine. Siku moja walikuwa wanalisukuma ili Brigita apate pa kuanika, akasikia kitu kinacheza humo chini, kama tumbo la mtu aliyekunywa togwa na kukimbia. Akamwambia mume wake kwamba Marehemu ana maji tumboni. Damiani akajibu kwamba hiyo ni tangi ya mafuta, na kwamba mwanamke aliyekulia milimani hawezi kujua sauti ya maji. Akaenda kuchanganya rangi. Akalipaka kijani, nje na ndani na chini, juu ya lami na juu ya kila kitu, likang'aa. Brigita hakukataa kwamba limependeza. Alisema hata majeneza hupakwa vanishi.

Ukafika mwezi wa nane. Sherehe ilikuwa Jumamosi asubuhi. Brigita alimwambia mume wake kwa upole kabisa kwamba yeye na Levina watapanda basi Alhamisi, naye aje na gari lake kwa nafasi yake, watakutana huko. Damiani hakupiga kelele. Alikaa kwenye ngazi, akasema, "Ukipanda basi na gari liko uani, umeiambia Ifakara nzima kwamba mimi si mtu."

Brigita akafikiri usiku na mchana. Si kwamba alimwonea huruma sana. Aliona kwamba wazazi wakiingia utawani mmoja mmoja, masista watauliza, na Rosa ndiye atakayejibu. Akakubali gari kwa sharti moja: waondoke Ijumaa asubuhi, si Jumamosi alfajiri kama alivyotaka mwenye gari. Damiani alinuna. Alisema gari zima halihitaji siku nzima ya akiba. Lakini alikubali.

Ijumaa ikafika. Levina akawekwa nyuma na gunia la mchele, kuku watatu waliofungwa miguu, na boksi la vitenge vya zawadi. Brigita akakaa mbele, mkoba mapajani. Gari likawaka. Mtu wa kwenda Mahenge angeshika njia ya Kivukoni, lakini Damiani alikwenda kwanza sokoni. Kutoka sokoni akapita kwa Viktor akapiga honi. Akapita kanisani. Akapita kwa Fridolin, ambaye hakuwepo, akarudi kupita tena kama atakuwa amerudi. Levina anasema alikuwa anaona shingo ya dada yake kwa nyuma, na ile shingo ilikuwa inasema yote.

Wakafika Kivukoni jua limeshapanda. Mbele yao daraja. Damiani akapunguza mwendo, akavuta kofia vizuri, akahamia katikati ya barabara. Nyuma kulikuwa na basi la Mahenge, likapiga honi, yeye akatabasamu. Kabla ya kupanda darajani kuna tuta. Magurudumu ya mbele yakapita. Ya nyuma yalipoligusa ukasikika mlio kama gogo linalopasuka, na Brigita akaona boneti inapanda mbele ya macho yake, kisha hakuona daraja tena, aliona mbingu.

Gari lilikuwa limekatika kiuno. Kule nyuma limekaa chini kama mbwa, Levina amelala juu ya gunia na kuku wamelala juu ya Levina. Injini iliendelea kunguruma, haina habari. Na kutoka kwenye mihimili iliyovunjika likaanza kutiririka tope jekundu, zito, lenye vipande vya kutu, likashuka polepole barabarani.

Wavuvi waliokuwa wanauza samaki pembeni wakaja. Walimjua. Mmoja aliyekuwa msaidizi wake enzi za mitumbwi akampa shikamoo yake kwanza, kama inavyostahili, halafu akauliza, "Mzee Damiani, chombo kimejaa maji, na mto uko kule. Umeyapata wapi?"

Damiani alizima injini, akaingia uvunguni na suruali yake ya sherehe. Alipotoka, shati lilikuwa jekundu kifuani, na mkononi ameshika kipande cha chuma kilichokuwa kinamomonyoka kama keki. Nje kilikuwa na rangi ya kijani na lami, kizuri kabisa. Kililiwa kwa ndani.

Basi lilikuwa limekwama nyuma. Konda akashuka, akasaidiana na wavuvi kusukuma vipande pembeni, kisha akauliza kama kuna abiria wa Mahenge. Brigita alikuwa ameshashika gunia upande mmoja, Levina upande wa pili.

"Mama Yosefina, ngoja," Damiani akasema. "Namwita Viktor. Atachomelea hapahapa, jioni tunaondoka."

"Atachomelea kutu kwenye kutu?"

"Ukiniacha hapa watu hawa watasema nini?"

"Watasema walichokiona." Akakabidhi gunia kwa konda, akarudi hatua chache mpaka alipokuwa amesimama mume wake, akapunguza sauti. "Baba Yosefina, nafasi iko. Panda. Mbele yuko mtoto wako. Hiki kiache."

Damiani akalitazama basi. Akalitazama gari. "Nikiondoka watalikatakata," akasema. "Ni chuma chakavu, usiku mmoja halipo."

"Na kesho utamshika mkono nani? Huyu?"

Damiani alikuwa ameweka kiganja juu ya boneti, kama mtu anayempima mgonjwa homa. Brigita akangoja kidogo, zaidi ya alivyotaka kungoja, na konda akaanza kupiga bati. Kisha akamgeuzia mgongo akapanda. Basi lilipopita darajani abiria wote waliinuka kutazama nyuma. Yeye alitazama mbele.

Walifika utawani jioni. Rosa alikuwa barazani, kitenge chake kimepigwa pasi, kimening'inia kwenye kamba kila mtu akione. Habari zilikuwa zimemfikia kwa simu. Alimwambia Brigita pole kwa safari, na kwamba yeye alishawaambia masista wasihangaike, maana hata wazazi wasipofika mtoto hatakosa wa kumshika, yeye yupo na kazi anaijua.

"Ahsante, wifi," Brigita akasema. "Jikoni wanahitaji mtu wa kumenya vitunguu."

Asubuhi Yosefina akamwuliza mama yake baba yuko wapi. Brigita alikuwa na majibu mengi, yote matamu mdomoni, na hakutoa hata moja. Alisema baba yuko njiani. Saa ya kuingia ikafika, baba hayupo. Mama mkuu akaja taratibu kuuliza kama kuna mjomba au baba mdogo wa kusimama upande ule. Rosa akamsogeza mbele mume wake, ambaye kumbe alikuwa ameshavalishwa tai.

"Hapana, mama," Brigita akasema. "Pale paachwe wazi. Mwenyewe yuko hai."

Wakaingia. Yosefina katikati, mama yake kushoto, kulia hakuna mtu. Watu waliona, na Brigita alitaka waone. Mkono wa Yosefina haukutetemeka hata kidogo. Ulikuwa mkavu na mgumu, mkono wa mtu anayelima bustani. Aliyekuwa anatetemeka ni Brigita. Alitembea njia yote, hakuharakisha, na mbele ya altare akamkabidhi mtoto wake kwa sauti ambayo hata waliokuwa nje waliisikia.

Damiani alifika mchana, juu ya lori la matofali, na shati lilelile. Wanaume wakampisha mezani. Alianza kula na kusema kwa pamoja. Kosa lilikuwa la tuta, limewekwa na watu wasiojua barabara. Kosa lilikuwa la Viktor, aliyekuja Kivukoni, akatazama, akacheka na kuondoka. Usiku kucha alikuwa amelilinda, na asubuhi Fridolin akapita na mkokoteni akasema atamwondolea vyuma. Brigita alikuwa anapita na sinia la pilau, anasikia yote, anagawa nyama.

Yosefina akaja, akapiga magoti, akamwamkia. Damiani akamwekea mkono kichwani, akauliza nani alisimama mahali pake.

"Hakuna, baba. Mama alisema pabaki wazi."

Nyama aliyokuwa ameshika akairudisha kwenye sahani. Levina anasema alikaa hivyo mpaka ngoma zikaanza, na hakuna aliyemsikia tena akilitaja tuta.

Jua lilipokuwa linazama watu walikuwa wamechoka kabisa, maana wengi waliamka na majogoo. Wageni walipewa mikeka kwenye baraza ya nyumba ya wageni. Brigita alikuwa ameshajilaza na kujifunika khanga, Levina pembeni yake, Damiani akaja akakaa ukutani.

"Ungetafuta hata mtu wa kusimama tu," akasema.

"Nilimtafuta. Nilimwambia nafasi iko, apande."

Damiani akasema lile gari lilikuwa limebakiza kidogo, hatua chache tu lingekuwa juu ya daraja.

"Lala, Baba Yosefina," Brigita akasema, akageukia upande wa pili, na hazikupita dakika nyingi akaanza kupumua kama mtu asiye na deni na yeyote.

Damiani akamwita Levina, "Shemeji." Levina alikuwa macho, lakini alijikoromesha mpaka koromo likakaribia kuwa la kweli. Damiani akabaki peke yake, anabandua lami iliyokauka kwenye kucha, kidole kwa kidole. Mkeka ulikuwa umejaa. Akavua viatu, akavikunjia shati kuwa mto, akajinyoosha kwenye sakafu tupu. Alianza jambo moja zaidi, kwa sauti ndogo, kuhusu yale maji ambayo Brigita aliyasikia, wala hakulimaliza, usingizi ukamchukua.